VirtualBox: kompyuta ya pili ndani ya ile uliyo nayo

Kwa zaidi ya miaka sita nimekuwa nikiendesha mifumo endeshi miwili, wakati mwingine mitatu, ndani ya kompyuta moja ya Windows kwa kutumia programu ya VirtualBox, na kwa kuwa naulizwa mara kwa mara kama inafaa, nimeona niandike tathmini yake kwa utulivu: inachofanya vizuri, inachoshindwa, na nani hasa anayepaswa kuitafuta. Nasema mapema kwamba naipenda programu hii. Naipenda kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba inampa mtu mahali pa kukosea bila kuumia. Nitairudia sababu hiyo nitakapofika kwenye snapshoti, yaani picha za hali ya mashine unazoweza kuzirudia, kwa maana wanaoipima VirtualBox kwa kasi peke yake wanatumia kipimo kisicho chake.

Haja yangu ya kwanza ilikuwa ya kikazi. Ninatunza hesabu, na kumbukumbu za miaka mingi zimehifadhiwa katika programu ya zamani iliyotumika zama za Windows XP, ambayo kisakinishi chake ni cha biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo kila nilipobofya faili lile nilipata ujumbe mfupi wa kukataliwa, na hapakuwa na mpangilio wowote wa kubadilisha ili likubali. Kutafuta kompyuta kuukuu kwa ajili ya programu moja ni kujitafutia mashine ambayo diski yake inaweza kufa kesho pamoja na hesabu zote. Haja ya pili ilikuwa kujifunza mfumo endeshi wa Linux bila kuigawa diski ya kompyuta ninayoitegemea kwa riziki. Kutunza cha zamani na kujaribu kipya: hizo ndizo kazi mbili ambazo nimeitumia VirtualBox, na tathmini hii inatokana nazo.

Kwa asiyeifahamu, mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu. Unafungua dirisha, na ndani ya dirisha hilo unaona kompyuta nyingine ikiwaka tangu mwanzo, kuanzia skrini nyeusi hadi kwenye eneokazi, kana kwamba umebonyeza kitufe cha umeme cha mashine iliyo chumba cha pili. Mfumo unaotawala kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ule ulio ndani ya dirisha huitwa mgeni. Mgeni anaona diski, lakini kwa mwenyeji diski hiyo ni faili moja tu lenye jina linaloishia na .vdi. Anaona kadi ya mtandao, kadi ya sauti na hata kiendeshi cha CD, na vyote hivyo ni vifaa vya kuigiza. Kitu pekee ambacho si cha kuigiza ni prosesa: amri nyingi za mgeni hutekelezwa moja kwa moja na prosesa halisi, na ndiyo sababu mashine pepe iliyopangwa vizuri haiburuzi miguu kama wengi wanavyodhani.

Fikra yenyewe ina umri mkubwa kuliko PC. IBM ilikuwa ikizigawa kompyuta zake kubwa kwa njia hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakachapisha masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe ipasavyo. Prosesa za x86, ambazo ndizo zilizozoeleka katika PC, hazikuyatimiza: zilikuwa na amri kadhaa ambazo mgeni akizitoa, programu inayomsimamia haipati habari. VMware ilikizunguka kikwazo hicho kwa ufundi wa programu mwaka 1999, kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 zikaongeza uwezo huo ndani ya prosesa zenyewe. VirtualBox ilitoka mwaka 2007 mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Innotek, ikachukuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikairithi pamoja na mengine. Sehemu yake kuu ni programu huria na hailipiwi.

Historia hiyo inamgusa moja kwa moja mtu anayeanza leo. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox haifanyi kazi kabisa bila ule uwezo wa ndani ya prosesa, na katika kompyuta nyingi uwezo huo upo lakini umezimwa. Dalili yake ni ya kipekee: unaunda mashine mpya, unafungua orodha ya mifumo, na badala ya kuona Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ya biti 64 unaona ya biti 32 pekee. Wengi hukata tamaa hapo wakiamini kwamba kompyuta yao ni duni. Dawa ni kuizima kompyuta, kuiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla mfumo haujawaka, na kutafuta mpangilio wenye jina la Intel Virtualization Technology, au SVM Mode ikiwa prosesa ni ya AMD, kisha kuuwasha na kuhifadhi. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Kuna dalili ya pili ambayo ni ngumu zaidi kuitambua. Ikiwa kwenye kona ya chini ya dirisha la mgeni unaona picha ndogo ya kobe wa kijani, maana yake ni kwamba Windows yenyewe imeikalia ile sehemu ya prosesa kupitia Hyper-V, programu ya Microsoft yenyewe ya mashine pepe, na VirtualBox inalazimika kupita mlango wa nyuma. Mashine itawaka, ila taratibu. Hyper-V huwashwa na vitu ambavyo mtu hakuvifikiria, kama vile mfumo mdogo wa Linux ulio ndani ya Windows, au kipengele cha usalama kinacholinda kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Hapa inabidi kuchagua. Mimi sishauri kuzima kinga ya usalama kwa ajili ya kasi kwenye kompyuta inayobeba kazi za watu. Kama kobe anakukera, kutumia Hyper-V yenyewe ni busara zaidi, mradi Windows yako si toleo la Home, ambalo halina Hyper-V.

Sasa nije kwenye RAM, kwa sababu hapa ndipo mapenzi mengi na programu hii huanzia au huvunjika. RAM unayompa mgeni hutolewa kwa mwenyeji kwa muda wote mgeni akiwa macho. Ukiwa na GB 8 na ukampa mgeni GB 4, umebaki na kompyuta ya GB 4 kwa ajili ya Windows, kivinjari na kila kitu kingine, na Windows ya leo ikibaki na GB 4 huanza kutumia diski kama kumbukumbu, ndipo pande zote mbili zinapolemaa kwa pamoja. Ubuntu ya toleo la 24.04 huomba GB 4 za RAM na GB 25 za diski. Windows 11 nayo huomba GB 4 za RAM, GB 64 za diski na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hesabu hiyo, naona GB 16 ndicho kiwango cha kufanya kazi kwa raha. GB 8 zinatosha kwa Linux nyepesi yenye eneokazi la Xfce au LXQt, na kwa mfumo wa zamani kama XP, ambao unatosheka na GB 1 au pungufu, hata kompyuta ndogo inaweza kuubeba. Wakati wa kupanga, VirtualBox huonyesha mstari wenye rangi, kijani mpaka nyekundu. Ukibaki kwenye kijani hutajuta, na hilo linahusu pia idadi ya kori za prosesa. Kompyuta yangu ina kori 4, nami humpa mgeni 2. Nilipojaribu kumpa zote 4, kipanya cha mwenyeji kilianza kusitasita.

Diski nayo ina tabia yake. Ukimwekea mgeni diski ya GB 25 inayokua kadiri inavyojazwa, faili lake huanza likiwa dogo sana na kuongezeka kadiri mgeni anavyoandika. Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka limewafika ni kwamba faili hilo halipungui lenyewe. Mgeni akifuta GB 10 za video, kwake nafasi imerudi, ila kwa mwenyeji faili linabaki na unene uleule, hadi ujaze nafasi tupu kwa sifuri ndani ya mgeni, uzime mashine, kisha utumie amri ya VBoxManage yenye chaguo la --compact. Nilijifunza hili siku diski yangu ya GB 512 ilipojaa kabisa katikati ya kazi. Dirisha la mgeni lilififia, na ujumbe ukatokea kwamba mashine imesimamishwa kwa kuwa nafasi imekwisha. Nilidhani nimepoteza kazi ya asubuhi nzima. Nilihamisha mafaili kadhaa ya mwenyeji kwenye diski ya nje, nikarudi kwenye dirisha, nikabofya kuendelea, na mgeni akaendelea na sentensi ileile niliyokuwa nikiiandika. Kosa lilikuwa langu, kwa kurundika snapshoti tisa bila kuziangalia, ila namna programu ilivyolishughulikia kosa hilo iliniongezea imani nayo.

Usakinishaji wa mgeni wenyewe ni mwepesi siku hizi. Unapakua faili la ISO (nakala ya diski ya kusakinishia) la mfumo unaoutaka, unalielekezea, na tangu toleo la 7.0 lililotoka Oktoba 2022 mchawi wa kuunda mashine, yaani msaidizi wa hatua kwa hatua, anaweza kufanya usakinishaji wote peke yake bila kukuuliza chochote. Nashauri uikatae huduma hiyo kupitia kisanduku chake. Usipoangalia, itamuundia mgeni mtumiaji anayeitwa vboxuser mwenye neno la siri changeme, na katika Ubuntu mtumiaji huyo huwa hana ruhusa ya kutumia sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo anayeanza hujikuta amefungiwa nje ya mfumo wake mwenyewe kabla hajaufahamu. Kusakinisha kwa mkono huchukua dakika chache zaidi, na hatua zake ni zilezile ambazo siku moja utazihitaji kwenye kompyuta halisi. Toleo hilohilo la 7.0 ndilo lililoleta TPM ya kuigiza na Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, na bila hayo Windows 11 isingekubali kuwa mgeni kwa njia iliyo halali.

Mgeni aliyesakinishwa hivi karibuni hukatisha tamaa. Skrini yake ni ndogo, haifuati ukubwa wa dirisha, huwezi kunakili maandishi kutoka upande mmoja na kuyabandika upande wa pili, na katika mifumo ya zamani kipanya hunaswa ndani hadi ubonyeze Ctrl ya kulia ili kukiachilia. Anayeishia hapo huifuta programu na kuwaambia wenzake kwamba haifai. Kinachokosekana ni Guest Additions, furushi la draiva linalowekwa ndani ya mgeni kupitia kiendeshi cha CD cha kuigiza. Hilo ndilo jembe la mgeni huyu. Akishakabidhiwa, anakuwa mtu wa nyumbani. Skrini hujinyoosha kujaza dirisha, kunakili na kubandika hufanya kazi pande zote mbili baada ya kuruhusiwa kwenye menyu, na folda ya mwenyeji unaweza kuifungua ndani ya mgeni. Katika Linux folda hiyo hujitokeza chini ya /media ikiwa na jina linaloanza na sf_, lakini itakukatalia kuingia mpaka umweke mtumiaji wako kwenye kikundi cha vboxsf kisha utoke na kuingia upya. Hatua hiyo moja ya kikundi ndiyo ninayoulizwa zaidi kuliko nyingine yoyote.

Guest Additions zina udhaifu wake, na tathmini ya haki haiwezi kuuficha. Kwa kuwa sehemu yake hujengwa kulingana na kerneli ya mgeni, mgeni wa Linux akisasishwa na kupata kerneli mpya, sehemu hiyo lazima ijengwe upya, na kama vifaa vya kuijenga havimo ndani ya mgeni, asubuhi moja utaikuta skrini imerudi kuwa ndogo bila maelezo. Vifaa hivyo ni kikusanyaji cha gcc, make na vichwa vya kerneli, na ni vyema kuviweka siku ya kwanza. Wasambazaji wa Ubuntu hutunza pia furushi lao, na kwa asiyetaka kusumbuka, hilo linatosha.

Nimefika kwenye snapshoti. Snapshoti ni picha ya hali nzima ya mashine kama ilivyo dakika hiyo: diski, mipangilio, na kama mashine iko macho, hata yaliyomo kwenye RAM. Ukishaipiga unaweza kufanya lolote, kisha ukarudi.

Nieleze tukio moja. Nilikuwa najifunza lugha ya kuandikia programu ya Python ndani ya Ubuntu, nikataka toleo jipya kuliko lililokuwamo, na nikaona kwamba njia safi ni kuliondoa la zamani kwanza. Niliandika amri ya kuondoa python3, mfumo ukanionyesha orodha ndefu ya mafurushi yatakayoondoka pamoja nayo, nikaipitia haraka haraka, nikabonyeza y. Sikujua kwamba Ubuntu yenyewe huitegemea Python kwa kazi zake nyingi za ndani. Mistari ilipita kwa dakika mbili hivi, menyu zikaanza kutoweka moja baada ya nyingine, na nilipoizima na kuiwasha mashine, badala ya eneokazi nilipata skrini nyeusi yenye neno moja la kuniomba jina la mtumiaji. Kwenye kompyuta halisi hiyo ingekuwa jioni nzima ya kuhangaika na flashi ya kusakinishia, tena nikiwa sina kompyuta ya kusomea maelekezo. Hapa nilifunga dirisha, nikachagua snapshoti niliyoipiga asubuhi ile, nikabofya kurejesha. Haikufika dakika moja. Eneokazi lilirudi likiwa na vidokezo vyangu vilevile, na mimi nikiwa nimejifunza kusoma orodha kabla ya kubonyeza y. Wiki hiyo niliivunja mashine ile mara nne zaidi, mara mbili kwa makusudi, ili nione kila kitu kinavunjika vipi na kinatengenezwa vipi. Hakuna kitabu kilichonifundisha Linux kwa kasi hiyo, na sidhani kwamba ningethubutu kufanya hivyo kwenye diski yenye hesabu za watu.

Hata hivyo snapshoti isichukuliwe kuwa nakala ya akiba, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kosa hilo hutendwa na watu makini. Baada ya kupiga snapshoti, faili la awali la diski huachwa kama lilivyo na mabadiliko yote huandikwa kwenye faili jipya linaloliegemea. Ukipiga nyingine, faili la tatu huliegemea la pili. Huo ni mnyororo. Faili la chini kabisa likiharibika au mtu akilifuta akidhani ni la zamani, yote ya juu yanakuwa takataka. Kufuta snapshoti kutoka ndani ya programu ni salama, kwa kuwa VirtualBox huunganisha mafaili yenyewe, lakini kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu na kuhitaji nafasi ya ziada kwenye diski. Kwa akiba ya kweli, zima mashine, itoe kama faili la OVA, faili moja linalobeba mashine nzima, na ulihifadhi faili hilo kwenye diski nyingine.

Upande wa mtandao, VirtualBox inastahili sifa zaidi ya inazopewa. Mpangilio wa kawaida ni NAT, ambapo mgeni hutoka kwenda intaneti kwa mgongo wa mwenyeji na hupata anwani 10.0.2.15. Kila mashine inayotumia NAT ya aina hii hupata anwani hiyohiyo, jambo linalowashangaza wanaojaribu kuunganisha mashine mbili na kukuta hazionani. Kila moja imewekewa chumba chake. Ukitaka zionane, kuna mtandao wa ndani na mtandao wa NAT wa pamoja. Ukitaka mgeni aonekane kama kompyuta kamili kwenye mtandao mliomo, kuna mpangilio wa daraja. Na ukitaka asione mtandao wowote, unaiondoa kadi kabisa. XP yangu naiendesha hivyo. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na mfumo usiopata marekebisho ya usalama kwa muda huo wote haupaswi kuguswa na intaneti hata kwa dakika moja. Mafaili yake nayapeleka kwa folda ya pamoja niliyoiruhusu kusomwa tu, na ripoti nazitoa kwa folda ya pili ambayo haina kitu kingine.

Wapo wanaoamini kwamba kilichomo ndani ya mashine pepe hakiwezi kutoka. Kuta ni nene, lakini si za chuma. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM katika msimbo wa kuigiza kiendeshi cha floppy, msimbo ulioanzia QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, na kutumiwa na VirtualBox pia, na kwa kasoro hiyo mgeni mwenye nia mbaya angeweza kumfikia mwenyeji. Ilirekebishwa, ila inaonyesha mambo mawili: kwamba VirtualBox yenyewe inapaswa kusasishwa kama programu nyingine, na kwamba vifaa vya kuigiza usivyovihitaji, kama floppy hiyo, ni vyema kuviondoa. Folda ya pamoja nayo ni mlango. Virusi vinavyosimba mafaili vikimpata mgeni vitasimba na kila kilichomo kwenye folda uliyomruhusu kuandika.

Pale ambapo programu hii inashindwa waziwazi ni kwenye michoro. Mgeni hapati kadi ya michoro ya kompyuta. Anapata ya kuigiza yenye msaada wa kiasi wa 3D. Eneokazi, ofisi, kivinjari na hata video ya kawaida vitakwenda. Michezo mizito, uhariri wa video na programu za usanifu wa 3D havifai humo, na mtu mwenye mahitaji hayo namshauri asipoteze wikendi yake akibadilisha mipangilio. Asakinishe mfumo wa pili kando ya wa kwanza kwenye diski halisi.

Leseni inahitaji macho ya karibu. VirtualBox yenyewe iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na unaweza kuitumia popote, nyumbani na kazini. Lakini kuna furushi la nyongeza linaloitwa Extension Pack, ambalo leseni yake inaruhusu matumizi binafsi, ya kielimu na ya kujaribia. Kampuni inayolitumia kazini inapaswa kulilipia. Zamani furushi hilo lilihitajika ili USB 2 na USB 3 zifanye kazi, na wengi waliliweka kwa mazoea. Tangu toleo la 7.0 USB hizo zimo kwenye programu yenyewe, kwa hiyo watumiaji walio wengi hawana tena sababu ya kulitafuta. Na mashine pepe haikupi leseni ya mgeni: XP yangu ina namba yake halali niliyoinunua zamani, na Windows yoyote utakayoiweka ndani inahitaji leseni yake kama ingekuwa kwenye kompyuta halisi.

Ushindani upo, na umeongezeka. VMware Workstation Pro, ambayo kwa miaka mingi ililipiwa, ilifanywa ya bure kwa matumizi binafsi Mei 2024 na kwa watu wote Novemba mwaka huohuo. Michoro yake ya 3D ni bora kuliko ya VirtualBox, na anayeanza leo akiwa na haja ya Windows ndani ya Windows anapaswa kuijaribu. Mwenyeji wa Linux ana KVM, uwezo wa kuendesha mashine pepe ambao umo ndani ya kerneli tangu mwaka 2007, na kwake hiyo ndiyo chaguo la kwanza. Anayetaka amri za Linux tu bila eneokazi atahudumiwa vizuri na WSL, ule mfumo mdogo wa Linux ulio ndani ya Windows. Kinachonibakisha kwenye VirtualBox ni mti wake wa snapshoti ulio wazi kuusoma, mipangilio ya mtandao niliyoieleza, na ukweli kwamba mashine ileile naweza kuihamisha kutoka Windows kwenda Linux au Mac yenye prosesa ya Intel bila kuigusa. Tangu toleo la 7.1 la mwaka 2024 dirisha lake lina sura mbili, ya msingi na ya mtaalamu. Chagua ya mtaalamu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ya msingi huficha mipangilio ambayo utaitafuta kabla ya wiki kuisha.

Mwezi uliopita nilibadilisha kompyuta. Niliitoa mashine ya XP kama faili moja la OVA lisilozidi GB 4, nikalinakili kwenye flashi, nikaliingiza kwenye kompyuta mpya na kubonyeza kuwasha. Sauti ile ya zamani ya kufunguka kwa Windows XP ikasikika, na programu ya hesabu ikafunguka kwenye mwaka uleule nilioufunga mwisho, safu zote zikiwa mahali pake.